Namba inapopanda na kushuka kwenye kipimo cha mtoto

Simu za usiku tunazopokea dukani kwetu Mwanakwerekwe nyingi zinafanana. Mtoto amelala, kipimo cha mapigo ya moyo kimefungwa mguuni, mama kakodolea macho kioo: 118, mara 142, mara 109. “Dada, kipimo chenu kibovu au mwanangu mgonjwa?” Aghlabu si hiki wala kile.

Moyo wa mtoto mchanga hauendi kama saa ya ukutani. Akiwa macho na ametulia, mapigo 100 hadi 160 kwa dakika ni ya kawaida. Akilia hupita 180. Akilala fofofo huweza kushuka hadi 90 hivi.

Na usingizi wake una sura mbili. Karibu nusu yake ni ule wa kope kuchezacheza na kutabasamu, ambao wazee husema anachezeshwa na malaika. Hapo pumzi haziendi sawa na namba hupanda na kushuka. Kisha huja usingizi mtulivu: mwili unalegea, pumzi zinapangika, moyo unapunguza kasi. Hata hapo moyo huharakisha kidogo anapovuta pumzi, ukapunguza anapoitoa. Hiyo ni kazi ya neva ya vagasi, itokayo kwenye ubongo. Kwa mtoto mchanga, hasa njiti, neva hii bado haijakomaa. Hukomaa kadiri miezi inavyokwenda, na tofauti ya kulala na kuwa macho ikazidi kuonekana. Ila mwezi wa kwanza mapigo huongezeka kidogo kabla hayajaanza kushuka, basi usishangae mtoto anayekaribia arubaini kuwa na namba kubwa kuliko alipozaliwa.

Kipimo chetu, kwa kweli, hakipimi mabadiliko ya pigo moja hadi jingine. Kinatoa wastani wa sekunde chache tu; nafasi baina ya pigo na pigo hupimwa kwa milisekunde, kwa mashine ya umeme wa moyo. Mguu ukiwa wa baridi au mtoto akirusha teke, namba huruka bila sababu. Na kile cha kubana kidole cha mtu mzima msimtie mtoto, kitawadanganya.

Tunauza, lakini tutasema: mtoto mwenye afya aliyezaliwa kwa wakati wake hakihitaji. Hakijathibitika kuzuia vifo vya ghafla usingizini. Kumlaza chali, kwenye godoro gumu lisilo na mito wala mablanketi mazito, kuna faida zaidi. Njiti na wenye matatizo ya moyo, daktari ndiye atakayeagiza. Njoo na karatasi yake, tutakufundisha kukifunga bila malipo.

Lakini ulimi au midomo ikigeuka buluu, pumzi zikisimama sekunde 20, zikifika 60 au zaidi kwa dakika hata ukizihesabu mara ya pili, kifua kikibonyea ndani, mtoto akikataa kunyonya au joto likifika 38, usitupigie sisi. Mpeleke hospitali saa ile ile, kipimo kiseme kitakavyosema.