Salamu za Krismasi, na habari za María aliyerudi kwa mama yake

Wapendwa wote, ndugu, walimu wenzangu na ninyi niliowafundisha hisabati kwa nyakati mbalimbali, nawatakia heri ya Krismasi na mwaka mpya wenye afya na amani. Mlio safarini, Mungu awafikishe salama. Mliokwisha kufika, wafikishieni wazee shikamoo yangu.

Nawaandikia nikiwa nyumbani Marangu, kibarazani kwa mama. Usiku mvua ilinyesha, majani ya migomba bado yanadondosha maji, na barabarani magari ya wanaorudi hayajakatika tangu alfajiri. Jana nilikwenda kunyoa. Mnaijua foleni ya kinyozi siku mbili kabla ya sikukuu: kila mzazi anataka mwanawe aingie kanisani na kichwa kisafi. Kinyozi wetu ametundika kioo kikubwa mbele ya kiti na kingine ukutani nyuma, vinatazamana. Kijana mmoja, umri wa miaka saba hivi, alipopandishwa kitini akaanza kuhesabu vichwa vyake mle kiooni. Akafika tisa, akapotea, akaanza upya. Mwishowe akageuka, mashine ikiwa bado inanguruma sikioni, akaniuliza: "Babu, wa mwisho yuko wapi?"

Nilimjibu kwamba wa mwisho hayupo. Papo hapo nikamkumbuka mama mmoja wa Uhispania ambaye nimemsoma sana mwaka huu, na nikaona salamu zangu za safari hii nizipitishe kwake.

María Josefa Wonenburger Planells alizaliwa Julai 1927 huko Montrove, Oleiros, kando ya mji wa bandari wa A Coruña. Hiyo ni Galicia, pembe ya kaskazini-magharibi mwa Uhispania, nchi ya mvua na ukungu ambayo watu wake kwa vizazi vingi wamepanda meli kwenda Amerika kutafuta riziki. Kuaga wanakujua. Familia yake ilikuwa na kiwanda cha kusubu vyuma, na baba alitamani binti asomee uhandisi ili aje akiendeleze. Binti akachagua hisabati, akaenda Madrid kusoma.

Mwaka 1953 akapata Fulbright, ufadhili wa masomo wa serikali ya Marekani, kwenda Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Hakuna mwanamke wa Uhispania aliyekuwa ameupata kwa masomo ya hisabati kabla yake. Kumbukeni Uhispania ile ilikuwa ya dikteta Franco, ambako sheria ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate kibali cha mumewe ili afanye kazi. Msimamizi wake Yale alikuwa Nathan Jacobson, mmoja wa mabingwa wakubwa wa aljebra wa karne ile, na mwaka 1957 María akamaliza shahada ya uzamivu.

Sasa hapa ndipo roho yangu inapouma kila ninapoisoma habari hii. Alirudi kwao. Alikaa Madrid kama miaka mitatu akifanya utafiti, lakini shahada yake ya Yale haikutambuliwa. Hakugomba, au kama aligomba haikusaidia. Alikaa chini akaandika tasnifu nyingine, kwa Kihispania, juu ya makundi ya ulinganifu, yaani namna zote za kugeuza kitu kikabaki na sura ile ile, somo alilolibobea. Nayo haikumpa shahada. Mtu ana tasnifu mbili mkononi, kazi ya miaka, na nchini kwake kwenye karatasi za serikali si daktari wa chochote. Wengi wenu mmesimama kwenye dirisha la ofisi fulani na vyeti halali mkononi mkaambiwa "njoo wiki ijayo". Mnajua ladha yake.

Mwaka 1960 akafunga tena mizigo, akaenda Kanada. Alianzia Kingston, kisha Toronto akawa mwalimu wa chuo kikuu. Na huko Toronto akaja kijana mmoja, Robert Moody, akaomba María amsimamie katika uzamivu. Alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza.

Nivumilieni kidogo hapa, maana hiki ndicho nilichotaka kumweleza yule mtoto kwa kinyozi.

Chukua vioo viwili vidogo vya mkononi, visimamishe mezani vikigusana ukingo kwa ukingo kama kitabu kilichofunguliwa, katikati weka njiti ya kiberiti. Ukiviweka kwa pembe ya nyuzi 90, utaona njiti 4 ukijumlisha na ile ya kweli. Vibane hadi nyuzi 60, utaona 6, zimepangika kama petali za ua. Sita tu, hesabu imefunga. Lakini ukivitenganisha vikatazamana sambamba, kama vya kinyozi wetu, njiti hazina idadi.

Wanahisabati huiandika habari hiyo ya vioo kwa namba. Pembe ya 60 inaandikwa kwa jedwali dogo la namba nne: mstari wa juu 2 na -1, wa chini -1 na 2. Vioo sambamba vinaandikwa 2 na -2, chini yake -2 na 2. Mwishoni mwa karne ya 19 Wilhelm Killing na Élie Cartan walikuwa wameorodhesha majedwali yote yanayozaa aljebra zenye mwisho, yaani mifumo ya hesabu yenye kanuni zake, ile inayofunga hesabu kama njiti sita. Orodha ilikamilika, ikapendeza, watu wakaitegemea. Moody, chini ya María, alilegeza sharti lililoyafungia nje majedwali mengine, yale ya vioo sambamba na zaidi, akaonyesha kwamba nayo yanazaa aljebra zake, pana zisizo na mwisho na bado zenye mpangilio. Moscow, bila wao kushirikiana, kijana mwingine aitwaye Victor Kac alikuwa amefikia jambo lile lile. Ndiyo maana leo zinaitwa aljebra za Kac na Moody, na wanafizikia wanaochunguza chembe na nguvu za ulimwengu wanazitumia kila siku. Wawili hao baadaye walipewa Medali ya Wigner kwa pamoja.

Jina la María halimo katika jina la aljebra hizo. Yeye mwenyewe lakini vioo aliviandikia. Kuna makala yake ya mwaka 1966 kuhusu migeuzo inayopatikana kwa kuunganisha migeuzo miwili ya aina ya kioo, yaani ile ambayo ukiifanya mara mbili unarudi ulikoanzia. Akaonyesha kwamba mgeuzo wenye kinyume unaweza kupatikana hivyo pale tu unapofanana na kinyume chake: kwenda kwake na kurudi kwake kuwe na sura moja. Isipokuwa kona moja ya namba za ajabu ambayo haitusumbui hapa kibarazani, kanuni hiyo inashika. Nimeifundisha akisi na mzunguko kwa miaka mingi bila kujua kwamba nyuma ya somo lile dogo la kidato kuna mlango wa namna hii.

Kutoka Toronto alivuka kwenda Buffalo, na mwaka 1967 akahamia Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, akawa profesa. Kwa jumla alisimamia tasnifu 8 za uzamivu. Angeweza kuzeekea huko akizungukwa na wanafunzi wa wanafunzi wake. Mwaka 1983 mama yake akaugua. María akaacha uprofesa, akarudi A Coruña kumuuguza.

Alikuwa na miaka 56. Hakuna chuo kilichokuwa kinamsubiri. Alikuwa binti aliyerudi kwa mama mgonjwa, na mtaani pale pengine wengi hawakujua kwamba yule mama wa makamo anayepita na mkoba wa sokoni amewahi kufungua sura nzima ya aljebra ya dunia. Ikapita miaka na miaka. Ni hadi walimu wawili wa Chuo Kikuu cha A Coruña, María José Souto na Ana Dorotea Tarrío, walipomfuata, wakakaa naye, wakamuuliza maisha yake, kisha mwaka 2006 wakaandika habari zake katika jarida la chama cha hisabati cha nchi yao. Baada ya hapo mambo yakaja kwa mfululizo: mwaka 2007 Galicia ikaanzisha tuzo ya wanawake katika sayansi yenye jina lake, na mwaka 2010 chuo kikuu cha mji wake kikampa udaktari wa heshima. Alifariki Juni 14, 2014, A Coruña, akiwa na miaka 86.

Nafurahi kwamba aliyaona hayo akiwa hai. Tumezoea kusubiri msiba ndipo tusome wasifu wa mtu.

Jirani yetu hapa, ng'ambo ya mfereji, yupo bibi ambaye watoto wote wanamwita Bibi Maziwa kwa sababu asubuhi wanatumwa kwake na chupa. Ndiye aliyenifundisha kuzidisha. Darasa la tatu, chini ya mparachichi kwa kuwa mabati ya darasa yalikuwa yameezuliwa na upepo, alitupanga kwa safu, saba kwa sita, akatuambia tujihesabu, kisha akatugeuza tukatazama upande mwingine tujihesabu tena kama sita kwa saba. Siku ile niliamua, bila kujua kwamba nimeamua, nitafanya kazi gani. Katika miaka yote ninayokuja Krismasi sijawahi kumwambia. Hupita nikasema "Shikamoo mwalimu" nikiwa juu ya kilima, nikaendelea.

Leo mama amepika kiburu, ndizi zetu na maharage, na ametenga sufuria dogo la Bibi Maziwa. Yule kijana wa kwa kinyozi kumbe ni mjukuu wa jirani wa chini. Amekuja tangu asubuhi, amekwishaona njiti sita na bado haniamini. Vioo viwili vya dukani nimevitia mfukoni. Tunavuka mfereji mimi na yeye, atanibebea kiberiti.

Krismasi njema, wapendwa. Mama anawasalimu.