Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu ya Juu: kiti bila kura hakituwakilishi

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Nimekwisha kukuandikia mara mbili kwa kupitia ngazi zilizowekwa. Barua ya kwanza ilijibiwa kwa mstari mmoja kwamba imepokelewa na inafanyiwa kazi, na ya pili haikujibiwa kabisa. Naandika hadharani leo, si kwa nia ya kumvunjia mtu heshima, bali kwa sababu milango mingine nimeibisha ikabaki imefungwa, na yaliyonipata katika kikao cha wiki iliyopita siwezi kuyanyamazia.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu na ni mjumbe anayewakilisha wanafunzi katika baraza la chuo kikuu cha umma. Siku tatu kabla ya kikao nililetewa kabrasha lenye kurasa zaidi ya 200. Nililisoma usiku mbili mfululizo, nikakunja ncha za kurasa zinazogusa mabweni, nikaandika maswali yangu pembeni kwa penseli. Ajenda ya sita ilikuwa nyongeza ya ada ya malazi. Ilipofikiwa, Mwenyekiti aliomba wajumbe wasio na kura wapishe kwa muda. Mjumbe asiye na kura mle ndani ni mmoja tu. Nilipoinuka na kabrasha langu, katibu alinifuata hadi mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini niliache mezani. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini kwa saa moja na dakika 40, penseli ikiwa bado mkononi, nikisikia sauti za watu wakijadili kitanda ninacholalia. Niliporudishwa, ajenda ilikuwa imekwisha kupitishwa, nami nikaletewa karatasi ya mahudhurio nitie sahihi.

Kesho yake tangazo likabandikwa. Lilisema kwamba baraza, likiwa na uwakilishi wa wanafunzi, limeridhia nyongeza hiyo.

Mheshimiwa Waziri, nakuomba uisome sentensi hiyo mara mbili, kama nilivyoisoma mimi. Sahihi yangu ya mahudhurio iligeuzwa kuwa ridhaa ya maelfu ya wanafunzi kwa jambo ambalo sikuruhusiwa hata kulisikiliza. Usiku ule wenzangu waligonga mlango wa chumba changu, wengine wakiuliza kwa upole, wengine wakisema wazi kwamba nimehongwa. Sikuweza kujitetea, maana niliapa kutunza siri za kikao, ikiwemo siri ya sehemu ya kikao ambayo sikuwemo. Mmoja wa wale tunaoishi naye chumba kimoja ameshafungasha vitu vyake, na hajaniaga. Jaribio la somo lililofanyika siku ya kikao lilinipita, na mpaka leo sijapewa nafasi ya kulirudia. Hayo ningeyavumilia kama kukosa kwangu jaribio kungemsaidia mwanafunzi hata mmoja.

Nilipouliza kwa nini nilitolewa, niliambiwa kuna mgongano wa maslahi, kwa kuwa mwanafunzi ananufaika ada ikiwa ndogo. Sijapata kuelewa hoja hii. Katika kikao hichohicho, wakati wa kujadili posho za wafanyakazi, mwakilishi wa wanataaluma alibaki kitini, akachangia, akapiga kura. Sisemi angetolewa. Alisema mambo ya maana ambayo hakuna mjumbe mwingine angeyajua, na ndiyo sababu ya kuwa naye. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na katika suala la mabweni mimi ndiye niliyekuwa nakilalia. Isitoshe, mjumbe wa baraza, awe ametoka kwa nani, anawajibika kwa chuo kizima. Nalijua hilo, na niliapa hivyo. Ningeweza hata kuunga mkono sehemu ya nyongeza ile kama ningejibiwa maswali yangu.

Nadhani sababu ya kweli ni hofu: hofu kwamba tutatoboa siri, kwamba tutaitisha mgomo, kwamba sisi ni wapita njia tusioyafahamu mambo ya fedha. Kama ndivyo, hofu hiyo ina dawa iliyokwisha kujaribiwa kwingine. Katika Chuo Kikuu cha California, ambacho bodi yake imekuwa na mjumbe mwanafunzi tangu mwaka 1975, mwanafunzi anayeteuliwa hukaa kwanza mwaka mmoja bila kura akijifunza kazi, kisha mwaka unaofuata anakuwa mjumbe kamili mwenye kura. Kwao kukaa bila kura ni hatua ya kuelekea kwenye kura, na mwisho wake unajulikana. Kwetu hali hiyo haina mwisho. Nami nitamaliza muda wangu nikimkabidhi mwenzangu benchi lilelile.

Wala jambo hili si geni duniani hata lihitaji kuogopwa. Karne nyingi zilizopita, huko Bologna, nchini Italia, wanafunzi ndio waliokuwa wakimchagua mkuu wa chuo na kuwatoza faini walimu waliochelewa darasani. Sisi hatuombi kufika huko. Mwaka 1918 wanafunzi wa Córdoba, nchini Argentina, waligoma wakidai kushiriki katika uongozi wa chuo, na madai yao yakaenea katika vyuo vingi vya Amerika ya Kusini. Ufaransa ilitunga sheria ya kuwaingiza wanafunzi katika mabaraza ya vyuo Novemba 1968, baada ya ghasia za wanafunzi za Mei mwaka huo. Afrika Kusini iliweka wanafunzi katika mabaraza ya vyuo kwa Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka 1997, na sheria hiyohiyo ikataka angalau asilimia 60 ya wajumbe wawe watu wasio wafanyakazi wala wanafunzi wa chuo, kwa hiyo hakuna aliyemezwa na mwenzake. Na Gordon Brown, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka 2007, alichaguliwa kuwa Rekta wa Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1972 akiwa bado mwanafunzi, akaongoza vikao vya chombo kikuu cha utawala cha chuo hicho. Chuo hakikuanguka.

Nakukumbusha pia, kwa heshima, maneno yako mwenyewe. Ulipofungua mkutano wa viongozi wa wanafunzi, ulituahidi kwamba marekebisho ya sheria yatakayompa mwakilishi wetu kura yatapelekwa bungeni kabla ya mwaka wa masomo kumalizika. Tulisimama tukapiga makofi. Nilikuwa safu ya tatu, na niliyaandika maneno hayo katika daftari langu pamoja na tarehe. Tangu siku hiyo miaka miwili ya masomo imekwisha, na waliokuwa viongozi wetu wakati ule wamekwisha kuhitimu wakiamini kwamba wametuachia kitu.

Ninachoomba ni kura, na haki ya kubaki ndani mpaka kikao kifungwe. Najua marekebisho ya sheria yana hatua zake, na sitaki kujifanya kwamba yanaweza kukamilika kwa wiki moja. Lakini kumwacha mjumbe kitini wakati ada inajadiliwa hakuhitaji bunge. Kunahitaji waraka wa ukurasa mmoja kutoka ofisini kwako. Na tangazo lile lililotumia jina letu lirekebishwe, liseme wazi kwamba mwakilishi wa wanafunzi hakuwemo.

Kikao kijacho ni cha bajeti. Kabrasha litaletwa siku tatu kabla, nami nitalisoma lote kama kawaida yangu. Naomba, Mheshimiwa Waziri, waraka wako uwe umefika kabla ya siku hiyo, ili itakapofika ajenda ya ada nisiambiwe tena niliache mezani nikatoka.

Wako katika ujenzi wa elimu,

Mjumbe wa Baraza anayewakilisha wanafunzi