Wifi yangu anadhani nimenuna

Shangazi, shikamoo.

Nimesoma majibu yako kwa wengine muda mrefu bila kudhani kwamba siku moja nami nitakuandikia. Safari hii limenifika, na sina wa kumweleza ambaye hatalipeleka mbele.

Nimeolewa, nina watoto wawili, na tunaishi katika nchi ya baridi, ambako likizo ya mwisho wa mwaka huangukia pale pale siku zinapokuwa fupi na theluji inapoanza kukaa. Kazi yangu ni kupokea simu za wateja. Mwaka mzima nashinda na hedifoni masikioni nikisikiliza watu waliokwisha kukasirika kabla sijasema hata habari za asubuhi. Nikirudi nyumbani bado nazisikia sauti zao, hata nikifungua bomba la maji. Kwa hiyo likizo hii mimi siisubirii safari wala sherehe. Naisubiria kimya.

Jambo lenyewe ndilo hilo, Shangazi. Nyumbani kwangu kimya hakikubaliki.

Nikueleze kwanza nakitumiaje, usije ukadhani nalala tu. Huwa naandika mashairi. Si ya kuchapishwa, ni ya daftari. Miezi mingine yote nikikaa na kalamu hakuna kinachokuja, vina vinagoma, mizani inapelea. Likizo ikifika, nikipata siku mbili tatu za kutosemeshwa, maneno yanaanza kujileta yenyewe. Na hayaji nikiwa nimeyakazia macho mezani. Yanakuja nikiwa naangalia kitu kingine kabisa.

Theluji, kwa mfano. Ikianza kushuka natoka uani na koti langu jeusi, nanyoosha mkono na kungoja. Zile chembe zenye umbo la nyota zikitua kwenye koti, kama baridi ni kali, unapata muda wa kuziona kwa macho matupu kabla hazijayeyuka: ncha sita, na kila ncha imechipua vitawi vyake. Ni sita kwa sababu molekuli za maji zikiganda hushikana kwa mpangilio wa pembe sita. Johannes Kepler, yule mwanahesabu aliyechunguza mwendo wa sayari, aliliandikia swali hilo la sita mwaka 1611. Na kuna mkulima wa Vermont, Marekani, Wilson Bentley, aliyeanza kuzipiga picha kupitia hadubini mwaka 1885. Alipofariki mwaka 1931 alikuwa ameacha picha zaidi ya 5,000. Namtaja kwa sababu mume wangu hunicheka dirishani akiniona nimenyoosha mkono kama kigingi cha kuanikia nguo. Bentley mwenzangu alisimama kwenye baridi miaka zaidi ya arobaini, mimi nasimama robo saa tu.

Halafu kuna ukimya unaokuja baada ya theluji mpya kutanda. Si mawazo yangu tu: theluji changa imejaa hewa katikati ya chembe zake, na sauti zikiingia humo hazirudi. Magari yanapita unayaona zaidi kuliko kuyasikia. Ikishakanyagwa na kugeuka barafu, kelele zinarudi palepale, kwa hiyo ni kitu cha kuwahi. Mtu anayeshinda na hedifoni kazini, Shangazi, akisimama barabarani asubuhi kama hiyo anaweza kulia kwa raha.

Na miti pia. Watu huitazama wakasema imekauka. Ukivuta kitawi karibu na uso unakuta matumba ya majani ya mwaka ujao yako tayari, yamefungwa kwa magamba madogo ya kahawia. Yalikwisha kuumbwa kabla majani ya mwaka huu hayajadondoka. Binti yangu mdogo nilipomwonyesha aliyapapasa, akauliza kama hayasikii baridi, kisha akakimbia zake kwenye katuni. Sikumzuia.

Usiku wa mbingu safi natoka kutazama nyota. Kilimia kinakuwa juu kabisa, na chini yake kundi la nyota liitwalo Orion, lenye zile nyota tatu zilizopanga mstari. Betelgeuse upande mmoja ina wekundu, Rigel upande wa pili inang'aa nyeupe yenye ubuluu. Dakika kumi zinanitosha. Narudi ndani pua imekufa ganzi na mara nyingine nina mstari mmoja mkononi.

Huo ndio uhondo wangu wote. Hauna gharama, haumpunguzii mtu chochote. Ndivyo nilivyodhani.

Mwaka huu wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, amekuja kukaa nasi likizo nzima. Ni mtu wa watu. Anacheka kwa sauti na watoto wanamganda. Siku aliyofika alibandika ratiba kwenye mlango wa friji: leo kwa fulani, kesho fulani wanakuja kwetu, keshokutwa michezo ya familia, na kila jioni kuna jambo. Mume wangu naye hapendi kukaa bure, kwa hiyo amempata mwenzake.

Siku za kwanza nilifuata. Kisha nikaanza kubaki nyumbani mara mojamoja au kuondoka mezani mapema kwenda dirishani na daftari langu. Maneno yakaanza. Wifi akamuuliza kaka yake, nami nasikia, "Mkeo amenuna nini?" Nikamwambia sijanuna, napumzika. Akanijibu kwa methali, kimya kingi kina mshindo mkuu, huku akinitazama kama mtu anayesubiri huo mshindo.

Nikazungumza na mume wangu. Alinisikiliza vizuri, sina haja ya kumsingizia. Ila utekelezaji wake sasa! Asubuhi yake nikakuta ratiba imeongezwa mstari: saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, utulivu wa Mama. Saa kumi, Shangazi, hapa kwetu jua limeshazama. Nimepewa saa ya kutazama nje wakati nje hakuonekani kitu. Na hata hiyo saa yenyewe, walikaa nami wote sebuleni, wamenyamaza kwa kunihurumia, na kila baada ya muda mtu ananong'ona, "Umeandika?"

Kilichonivunja kabisa kilikuja baadaye. Nilikuwa na beti moja nimeiacha mezani, ndani ya daftari lililofungwa. Sikuwa nimeimaliza:

*Theluji yashuka chini, yavika weupe miti,*
*Ndege yu peke tawini, atoa yake sauti,*
*Nami nipo dirishani, nimejifunika koti,*

Kituo kilikuwa bado. Jioni hiyo kulikuwa na wageni, sebule imejaa. Wifi akasimama, akagonga glasi kwa kijiko, akatangaza kwamba nyumba hii ina malenga, akaisoma kwa sauti ya juu. Watu wakapiga makofi. Mmoja akauliza, "Na mstari wa nne?" Wengine wakaanza kunitungia papo hapo, kila mtu na wake, vicheko vikawa vingi. Nilicheka nao. Nilipoingia chumbani niligundua sitaki hata kulishika lile daftari, na tangu usiku huo sijaandika.

Ukiishia hapo utaniambia nimkalishe wifi nimweleze mipaka. Ningeshafanya hivyo. Ila kuna jambo linanifunga mdomo.

Wifi yangu ameachika mwaka huu, baada ya ndoa ndefu. Hii ndiyo likizo yake ya kwanza bila nyumba yake. Usiku mmoja nilishuka jikoni kunywa maji nikamkuta amekaa peke yake, taa zote zinawaka, redio imefunguliwa kwa sauti ya chini, hata haisikilizi. Aliniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba kule alikopanga sasa akifunga mlango hasikii chochote, na hicho ndicho kinachomtisha. Halafu akajifanya anatafuta sukari.

Tangu hapo naielewa ile ratiba. Hanichokozi. Anaziba pengo. Kimya kinachonijaza mimi kinamtoboa yeye, na tumefungiwa wote wawili ndani ya nyumba moja yenye dirisha moja zuri. Nikimwambia "nahitaji kimya" atasikia "nahitaji uondoke." Mume wangu naye ananiambia, na siwezi kumlaumu, kwamba dada yake akivunjika moyo mikononi mwetu hatajisamehe. Anasema pia kwamba mwaka mzima tunapishana mlangoni, hizi ndizo siku zetu, mbona mimi nazitaka za kwangu peke yangu? Swali hilo limenikaa.

Kuna jingine dogo, nalo linanisumbua usiku. Mdogo wangu nilimpigia simu nikamweleza haya, naye akaniambia nijichunguze, isije ikawa si upenzi wa kimya bali ni ule mfadhaiko unaokuja na majira ya baridi. Nayajua kidogo maradhi hayo. Daktari Norman Rosenthal na wenzake waliyaeleza kitaalamu mwaka 1984, na moja ya tiba zake ni kukaa asubuhi mbele ya taa kali ya lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga) kwa nusu saa hivi. Dalili zake mtu hulala kupita kiasi, hutamani vyakula vya wanga na vitamu, anachoka na kupoteza hamu ya vitu alivyokuwa akivipenda. Nimejipima kwa kadiri ya uwezo wangu. Silali kupita kiasi, nakula kama kawaida, na hamu ninayo tele. Ni hamu ya vitu ambavyo wengine hawavioni kuwa ni vitu. Tena nikitoka nje mchana, hata kukiwa na mawingu, napata mwanga mwingi kuliko wao waliokaa chini ya taa za sebuleni. Lakini tangu ile jioni ya makofi hamu ya kuandika imekatika kweli. Sijui niihesabie hasira, au niihesabie dalili.

Nimejaribu kutafuta njia ya katikati. Nilimwalika wifi tutoke wawili tu asubuhi, kabla watoto hawajaamka, kwenda kutazama theluji mpya. Alikuja. Aliongea njia nzima. Tulipofika kwenye miti alinyamaza kidogo, nikadhani amekipata, kumbe anatafuta simu mfukoni ampigie shoga yake amwonyeshe. Walizungumza kwa video hadi tulipogeuka. Lakini wakati wa kurudi alinishika mkono sehemu zenye utelezi na hakuuachia hata tulipofika kwenye njia kavu. Sijui niihesabu asubuhi hiyo kuwa ilifaulu au iliharibika. Shairi halikuja, hilo nakuhakikishia.

Mume wangu ananifariji kwamba tarehe 21 Desemba ikipita siku zinaanza kurefuka, mambo yatachangamka. Kwa jumla yuko sahihi. Ila asubuhi bado zitaendelea kuchelewa kupambazuka mpaka Januari ianze, japo jioni zilikwisha kuanza kurefuka kabla hata ya tarehe hiyo. Nilipomwambia alinitazama akasema, "Ndiyo maana dada anakuona wa ajabu." Tulicheka sana. Sitaki uone kwamba nyumba yangu ina vita.

Sasa naomba unishauri. Wageni wa mwaka mpya wanakuja, na wifi atakuwepo mpaka shule zifunguliwe. Nataka asubuhi zangu, zile za mwanga, hata kama ni saa moja tu, na nataka daftari langu lisifunguliwe na mtu. Ninavyofikiri, hili la daftari naweza kumwambia wazi, maana hata mtu mwenye majonzi anaweza kuambiwa kitu fulani si chake. Lakini hilo la asubuhi nianzie wapi? Nimwambie yeye mwenyewe, au nimwachie mume wangu amwambie dada yake, kama desturi ya mashemeji na mawifi inavyotaka? Nikimwachia yeye nahofia atarudi na mstari mwingine kwenye friji. Na wifi wakati huo afanye nini, ili asibaki na zile taa na ile redio? Watoto wanampenda, nimewaza nimwachie kifungua kinywa chao kiwe chake na wao, mimi nisiguse. Lakini naogopa ataona nimemfanya yaya.

Na lile swali la mume wangu, Shangazi, kuhusu siku zetu na siku zangu, ungekuwa wewe ungelijibuje? Mimi nina majibu mengi na hakuna hata moja ninaloweza kulitamka mbele yake.

Kituo nilikipata jana, nikiwa naosha vyombo, watu wote wako juu wanacheza. *Mchana haukawii, giza lishabisha hodi.* Sijakiandika. Nimekuandikia wewe kwanza.

Ni mimi msomaji wako,
Mama wa dirishani