Walanguzi wa tiketi nje ya Sokoine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kidogo kuhusu tiketi za matamasha hapa Mbeya. Majuzi nilifika dirishani saa mbili asubuhi na binti yangu, nikaambiwa zimekwisha. Hatua kumi tu kutoka pale, kijana mwenye koti la mvua alikuwa amezishika kama karata: za shilingi 10,000 anauza 25,000. Nilipomkazia macho akasema, "Mama, biashara ni biashara. Mchele wa Kyela mbona unanunua Mwanjelwa kwa bei ya juu?"

Nilikosa jibu, nikalipata nikiwa kwenye daladala. Anayeleta mchele amelipa lori, ushuru na wapakuaji; gunia likilowa, hasara ni yake. Huyu ameongeza nini? Amezoa tiketi zote ili mimi nikose, kisha ananiuzia kukosa kwangu. (Aliyepata msiba akauza yake moja kwa bei aliyonunulia, sina ugomvi naye.)

Ireland ilitunga sheria mwaka 2021 kukataza tiketi za matamasha na mechi kubwa zisiuzwe tena juu ya bei ya awali. Sisi tuanze na dogo: mtu mmoja, tiketi nne.

Na haya yote nje ya Uwanja wa Sokoine! Mwaka 1983 mwenye jina hilo, akiwa Waziri Mkuu, aliwasaka walanguzi hadi wengine wakatupa bidhaa usiku.

Mama wa Uyole,
Mbeya