Risala ya Wafumaji wa Vikoi kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,

Karibu sana katika karakana yetu ya kufumia. Kabla hujavikagua vikoi vilivyotandazwa mezani, tunaomba utambue jambo moja: nakshi ya kikoi haichapwi juu ya kitambaa kama ya kanga au kitenge. Imo ndani ya uzi, na huamuliwa wakati wa kutanda mtande, yaani nyuzi za urefu zinazotandazwa mtamboni, kabla mfumaji hajapitisha mshindio, yaani uzi wa kukatiza, hata mmoja.

Ndugu Mgeni Rasmi, kazi hii ni ya zamani mwambaoni. Kilwa vimefukuliwa vigae vilivyotobolewa katikati, vilivyotumika kusokotea pamba. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Moroko alikuta nguo zilizofumwa Mogadishu zikisafirishwa hadi Misri. Habari inayotugusa zaidi ni ya Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika kuhusu Sofala, katika Msumbiji ya leo, mwanzoni mwa karne ya 16. Wafumaji wa huko walikuwa na pamba nyeupe ila rangi hawakuwa nayo. Basi walichukua nguo za buluu zilizotoka Cambay, Bara Hindi, wakazifumua, kisha wakazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Shida ya mfumaji tangu hapo ni uzi wa rangi, na mpaka leo iko palepale.

Kikoi cha upana wa sentimita 100, kwa nyuzi 16 kila sentimita, kinataka nyuzi 1,600 za mtande. Vikoi 10 vya mita 1.6 huhitaji mtande wa mita 21: mita 16 za kitambaa, 2 za matamvua, na 3 zinazoliwa na kujikunja kwa uzi pamoja na mabaki yasiyofumika mtamboni. Kwa uzi wa pamba namba 20 wa nyuzi mbili, hizo ni kama kilo 2, mshindio bado. Taraza, yaani mstari wa rangi wa ukingoni, ya sentimita 2 ni nyuzi 32. Anayetanda akipunguza nyuzi 4 upande mmoja, taraza mbili hazitalingana, na kosa litatokea katika vikoi vyote 10, maana vimetandwa pamoja.

Mvuto wa uzi wakati wa kutanda nao huharibu. Mstari uliotandwa na mkono mwepesi hulegea karibu na jirani yake aliyekazwa, na kikoi kikifuliwa mstari huo hufanya mawimbi. Kwa hiyo mtande mmoja hutandwa na mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama wengine wamekaa bure.

Ndugu Mgeni Rasmi, uzi mwekundu hujaribiwa kabla ya kununuliwa kwa wingi. Funga kipande chake pamoja na uzi mweupe, viloweke nusu saa katika maji ya moto yenye sabuni, uvianike. Mweupe ukigeuka waridi, rangi hiyo inachuja, na hakuna chumvi wala siki itakayoiokoa baada ya kufuma.

Tafadhali shika pindo la kikoi kimojawapo. Kila tamvua lina nyuzi 16: nane zimesokotwa upande mmoja, nane nyingine upande huohuo, kisha mafungu mawili yakapindwa pamoja kwa upande wa pili na kufungwa fundo. Misokoto hiyo hushikana yenyewe. Mafungu nayo yakipindwa upande uleule wa kwanza, tamvua hufumuka mara ya kwanza kufuliwa. Kikoi kimoja kina matamvua 200, na hiyo ndiyo kazi ambayo mnunuzi huwa haihesabu anapopunguza bei.

Kikoi ni vazi la ndani ya kanzu, nguo ya mvuvi baharini, na shuka la kujifunika usiku. Siku hizi hukatwa pia mikoba na taulo za ufukweni, na kwa taulo mshindio mnene zaidi unafaa, kwani hunywa maji vizuri.

Ndugu Mgeni Rasmi, maombi yetu ni mawili. Kwanza, gurudumu la kutandia, kwani ubao wa vigingi tulio nao hautoshi mtande wa mita 21. Pili, utusaidie kupata uzi wenye rangi isiyochuja, ununuliwe kwa pamoja, ili kikoi cha mwezi huu kilingane rangi na cha mwezi ujao.

Tunaomba kuwasilisha.