Mdogo wangu, hayo mafua yako mimi siyaamini

Mdogo wangu mpendwa,

Jana kwenye simu uliponiambia "mafua tu haya yatapita" nilinyamaza, sikutaka tugombane, ila usiku sikupata usingizi kabisa, nahofia ni korona. Ndo maana nakuandikia hapa hadharani, huenda na mwenzio mwenye figo ya kupandikizwa akapita akasoma.

Vile vidonge vyako vya kila siku, takrolimusi, mikofenoleti na prednisoloni, kazi yake ni kuituliza kinga ya mwili isije ikaishambulia figo uliyopewa. Sasa kinga ikishatulizwa haichagui, inailegezea figo na inavilegezea virusi vilevile. Mtu mwingine anapata korona anakohoa siku nne anarudi kazini, wewe vinaweza kukaa mwilini wiki na wiki na kushuka mapafuni. Na prednisoloni inaweza kuificha homa, kwa hiyo ile habari yako ya "sina joto, basi si korona" siikubali.

Mwanzoni mwa 2020 hospitali moja ya New York ilitoa taarifa ya wagonjwa wake 36 wenye figo za kupandikizwa waliopata korona, 10 walifariki ndani ya wiki chache tu. Najua sasa hali si ile, kuna chanjo na kuna dawa. Lakini hata chanjo kwenu inafanya kazi kwa shida, mwaka 2021 watafiti Marekani waliwapima watu 658 waliopandikizwa viungo baada ya dozi mbili, asilimia 46 hawakuwa na kingamwili zozote zinazoonekana, yaani zile chembe za damu za kupambana na kirusi. Ndo maana mwezi wa nane mwaka huohuo wakaruhusiwa dozi ya tatu. Kwa hiyo ukiniambia "nilishachanja" mimi nakuuliza dozi ngapi, na ya mwisho lini? Na hao unaoishi nao je? Maana wao wakichanja wanakukinga na wewe. Chanjo za korona hazina virusi hai vya korona, usiogope.

Sasa hapa ndo naomba utulie usome taratibu. Kuna dawa ya korona inaitwa Paxlovid, nzuri kweli, lakini ndani yake kuna ritonaviri ambayo inalizuia ini kuivunja takrolimusi, yaani unameza dozi yako ileile ya siku zote na kiwango kwenye damu kinapaa, mikono inatetemeka, kichwa kinauma, kreatinini (kile kipimo cha damu cha kuangalia figo) inapanda, figo inaumizwa na dawa iliyowekwa kuilinda! Madaktari wanaweza kusimamisha takrolimusi kwa muda huku wanapima kiwango chake, au wakakupa remdesiviri, dawa nyingine ya korona, kwa dripu siku tatu badala yake, ila huo ni uamuzi wa kliniki yako ya figo, si wa daktari yeyote uliyemkuta zamu asiyejua unameza nini. Usije ukaacha vidonge mwenyewe eti ili kinga ipande, figo itakataliwa. Na Paxlovid inatakiwa ianze ndani ya siku tano tangu dalili zianze, wewe leo uko siku ya pili na bado unasema itapita.

Ukianza kuharisha waambie haraka, maana hata kuharisha kunaweza kupandisha takrolimusi. Kwa maumivu usiguse ibuprofeni wala diklofenaki, uliza parasetamoli.

Nimewasikia wanaokwambia korona iliisha. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura, halikusema kirusi kimeondoka, na hao wanaosema hivyo hawana figo ya mtu mwingine tumboni. Vaa barakoa yako kwenye foleni na kwenye vyumba visivyo na hewa, wakikucheka waache wacheke.

Pima leo. Kipimo cha haraka kikikataa, yaani kikionyesha huna korona, rudia baada ya siku mbili, na hata kikikataa waambie kliniki una dalili. Kikikubali pigia kliniki kwanza, halafu mimi, simu nimeiweka karibu na mto na sijazima sauti.

Dada yako