Risala ya Kikundi cha Wakulima kwa Mgeni Rasmi: Ghala Letu Liezekwe, na Mje Kutupima Februari

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani wetu, Mtendaji wa Kata, Mwenyekiti wa Kijiji na serikali yako, viongozi wa dini, wazee wetu mliokaa hapo kivulini, wanakikundi wenzangu na wageni wote, mbukwenyi!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Na wewe Mheshimiwa tunakushukuru sana kwa kukubali mwaliko, tunajua ratiba yako inavyobana na barabara ya kuja huku umeiona mwenyewe, hiyo barabara leo tutaiacha maana risala hii ina ombi moja kubwa na hatutaki lipotee katikati ya maombi kumi kama ilivyotokea miaka iliyopita.

Historia yetu ni fupi. Kijiji kilianza enzi za operesheni ya vijiji miaka ya 1970, wazee wetu ni watoto na wajukuu wa watu waliopona ile njaa ya Mtunya iliyoipiga Ugogo kuanzia 1917, kwaiyo habari ya kuweka akiba ya chakula hatukufundishwa na semina. Kikundi kilianzishwa na akina mama wa vikoba, baadae wanaume wakaomba kujiunga, tukasajiliwa halmashauri, ndo hawa unaowaona.

Mafanikio ni mengi na tunajivunia kusema sisi ni kikundi cha mfano kwa kanda nzima ya kati. Tuna cherehani tatu, tuna mizinga ya nyuki, tuna mpango wa kopa mbuzi lipa mbuzi ambao mpaka sasa wanachama walio wengi wamelipa, tumehamasisha mtama na uwele vinavyovumilia ukame badala ya kung'ang'ania mahindi kila mwaka, na ngoma yetu ya muheme uliyoisikia wakati unaingia inaalikwa mpaka kata za jirani. Lakini fanikio kubwa kuliko yote, na ndilo lililotuleta kwenye ombi letu, ni daftari.

Mheshimiwa, ni hivi. Kijana wetu mmoja aliyekuja hapa fildi kutoka chuo cha pale Dodoma alitueleza namna umaskini unavyopimwa, tukakaa nae jioni nyingi tukimuuliza maswali. Akatuambia utafiti wa bajeti ya kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa mahitaji ya msingi kwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi, yani kama shilingi 1,644 kwa siku, anaeishi chini ya hapo anahesabiwa maskini. Kwa Tanzania Bara ikapatikana asilimia 26.4, wakati ule wa 2011/12 ilikua 28.2, na vijijini peke yake ni asilimia 31.3. Tulivyosikia tukajiuliza, mbona sisi hatushiki hata hiyo 49,320 mkononi? Akatufafanulia kwamba wanachohesabu ni matumizi, na hata mtama uliolima mwenyewe ukala mwenyewe unapigiwa bei yake ya shilingi na unaingia. Hapo tukasema sawa, hiyo ni haki, mkulima asionekane hali chochote eti kwa sababu hajanunua dukani.

Na utafiti ule wa taifa hatuna ugomvi nao. Ulizunguka nchi mwaka mzima, kaya hizi mwezi huu na zile mwezi mwingine, kwaiyo wa mavuno wapo na wa njaa wapo, ukichanganya unapata picha ya nchi. Shida yetu ipo huku chini, pale inapotakiwa kuamuliwa kaya ya mama fulani ipewe msaada au isipewe. Hapo hakuna mwaka mzima, ni ziara moja. Wanakuja vijana na vishikwambi, wapole na wana adabu, wanauliza paa ni la nini, sakafu ni ya nini, mna mbuzi wangapi, mna simu, mna redio, wanashukuru wanaondoka. Na karibu kila mara wanakuja kati ya Juni na Agosti, kwa sababu ndo barabara inapitika na ndo watu wanapatikana nyumbani.

Sasa Mheshimiwa angalia hata wewe umekuja Agosti. Umetukuta vihenge vimejaa, watoto wanang'aa, tumekuchinjia mbuzi na tumekuchinjia kwa moyo mweupe kabisa. Lakini kumpima mkulima wa huku Agosti ni sawa na kupima kina cha kisima wakati wa kifuku, mvua zikiwa zinanyesha. Mvua yetu ni msimu mmoja tu, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, tunavuna mara moja kwa mwaka, na hicho kilichovunwa ndo kinatakiwa kilishe, kilipe madeni, kisomeshe, kitibu, kiozeshe na kizike mpaka mavuno mengine. Januari, Februari na Machi, wakati jembe linahitaji nguvu kuliko miezi mingine yote, ndo kihenge kinakua kitupu.

Kwaiyo tukaanzisha daftari letu. Kila mwezi wanakikundi wawili wanapita kwa kila mwanachama wanaandika mambo manne tu, chakula kilichobaki ni debe ngapi, jana mmekula milo mingapi, mwezi huu mmeuza kitu gani ili mle, na kuna mtoto yeyote hajaenda shule. Hatujui kama kuna kijiji kingine kinafanya hivi. Daftari lipo hapa mezani, ukipenda ulifungue mwenyewe, majina tumeweka namba ili mtu asiaibike.

Ngoja niseme habari ya kaya moja tu. Ni mama mjane, anaishi nyumba ya bati aliyojengewa na marehemu mumewe. Juni alikua na mbuzi wanne na kihenge kimejaa, alipopimwa na wale vijana akaonekana ana uwezo, jina likakatwa. Julai akauza magunia kulipa deni la mbegu na hela ya sare. Novemba mbuzi wawili wameondoka. Februari kaya nzima inakula mlo mmoja jioni, uji na mlenda, mbuzi waliobaki kawauza wakati kila mtu anauza mbuzi, kwaiyo bei imeanguka na debe la mtama limepanda, mbuzi aliyeandikwa kwenye dodoso kama mali akawa ni chakula cha siku chache. Machi binti yake wa miaka 14 kapelekwa mjini kufanya kazi za ndani na mpaka leo hajarudi darasani. Jirani yake anaishi kwenye tembe la udongo, ukiliangalia unasema huyu ndo maskini wa kijiji, kumbe ana vijana wawili mjini wanamtumia hela kwenye simu kila mwezi. Huyo jina lake lipo. Hatumuonei wivu, na yule mama hatusemi alionewa makusudi, ila paa halisemi njaa.

Kijana wetu alitueleza pia kuna vipimo vingine vya kimataifa. Kuna kile cha maendeleo ya binadamu kilichoanza kutolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990, akikisimamia mchumi wa Pakistani aliyeitwa Mahbub ul Haq, kinaangalia mambo matatu, watu wanaishi miaka mingapi, wanasoma kiasi gani na kipato chao. Na kuna cha mwaka 2010 chenye vigezo kumi, lishe, vifo vya watoto, shule, maji, choo, umeme, nishati ya kupikia, nyumba na vinginevyo, ukikosa theluthi moja ya hivyo kwa uzito wake unahesabiwa maskini. Tulivipenda kwa sababu vinamuangalia mtu kwa ujumla wake sio mfuko wake tu. Lakini daftari letu linaonyesha kwamba huku kwetu afya, shule na kipato havidondoki kila kimoja kwa wakati wake, vyote vinadondoka Februari kwa pamoja. Chakula cha mchana shuleni ni mchango wa wazazi, kihenge kikiisha na sufuria ya shule inasimama, sufuria ikisimama mahudhurio yanashuka, mama mjamzito nae anaenda kibarua cha kupalilia shamba la mwenzie ili apate unga huku lake limezidiwa na magugu, na hapo ndo mavuno ya mwaka unaofuata yanaharibika kabla hayajaanza.

Tarehe 1 Julai 2020 nchi yetu iliingizwa kwenye uchumi wa kati wa chini, tulishangilia na bado tunajivunia. Ila karibu theluthi mbili ya Watanzania wanaofanya kazi wapo kwenye kilimo, na kilimo kinachangia kama robo tu ya pato la taifa, sasa hapo mtu hahitaji kikokotoo kujua wengi wanagawana kidogo. Pato linaweza kupanda kwa madini na ujenzi na huyu mama asijue kama limepanda.

Sasa Mheshimiwa tufike kwenye ombi lenyewe, nalo ni GHALA.

Mtu atauliza kama wanavuna kwanini wanaishiwa. Ni kwa sababu tunauza Juni, kila mtu anauza Juni, na bei ya Juni unaijua. Tunauza kwa sababu ya madeni ndio, lakini pia kwa sababu hatuna pa kuweka, ukiweka ndani dumuzi anamaliza, panya anamaliza, na mgonjwa akitokea debe linaondoka usiku usiku. Wengine wanauza mazao yakiwa bado shambani. Na mnunuzi anakuja na gunia la lumbesa, sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100 lakini hapa kijijini hatuna mizani hata moja, kwaiyo linashindiliwa, linawekwa kilemba juu, na mkulima analipwa gunia moja. Mtama huo huo tunaununua Februari kwa debe, bei imeshapanda sana, kuna miaka inakaribia mara mbili. Yani umaskini wetu sehemu kubwa upo kwenye hiyo miezi nane kati ya kuuza na kununua. Tukiwa na ghala tutaweka pamoja, tutakopeshana kwa dhamana ya mzigo wetu, tutauza Desemba au Januari, na sehemu tutaibakiza kwa ajili ya Februari ya kijiji na sufuria ya shule. Nchi ina sheria ya stakabadhi ghalani tangu 2005, yani mkulima anaweka mazao ghalani anapewa hati ya mzigo wake, sisi hatujaweza kuigusa kwa sababu ghala lenyewe halina paa.

Na hatujakaa tukisubiri kubebwa. Tofali tumefyatua na kuchoma wenyewe, mchanga umetolewa korongoni kwa mikokoteni, akina mama wamebeba maji vichwani kutoka kule unakokujua ni mbali, kuta zimefika kwenye lenta. Boma hilo hapo nyuma yako Mheshimiwa, ukigeuka utaliona.

Mgeni rasmi wa kwanza kuliona aliahidi bati zote, tukapiga vigelegele, tukaambiwa tusubiri mwezi ujao. Aliyemfuata akasema bati ni kitu kidogo ataongezea na simenti ya sakafu, akapiga nalo picha. Mwingine akatuambia tuandike barua, tukaandika, tukaambiwa barua haijafika, tukaandika nyingine tukaipeleka kwa mkono na nakala yake yenye mhuri tunayo. Hatuyasemi haya kwa ubaya na hatumtaji mtu, wote walikua wageni wetu na tuliwaheshimu kama tunavyokuheshimu wewe. Ila mihtasari ya vikao ipo, na ahadi zimeandikwa humo kwa tarehe. Kuta zimenyeshewa kifuku baada ya kifuku, upande wa mashariki umeanza kumomonyoka, na kuna wanakikundi, tena wale waliobeba maji, ambao sasa tukiita msaragambo hawaji. Wanatuuliza tunajenga ghala au tunajenga gofu, na sisi kamati tumekosa cha kuwajibu.

Kinachohitajika ni bati 120 za geji 28, mbao za kenchi, misumari, simenti ya sakafu, milango miwili ya chuma, chaga za kupangia magunia na mizani moja iliyohakikiwa. Fundi tunae, nguvu kazi ipo, na hela ya kwanza ya fundi tumeshaichanga. Mchanganuo umeambatanishwa nyuma ya risala hii, bei tumezichukua dukani sio za kukisia.

Tunaomba kwa unyenyekevu usituahidi leo. Kama uwezo upo tunaomba utuambie ni bajeti ya mwaka gani na ni ofisi gani tuifuate, na kama haupo tunaomba utuambie haupo, hatutakasirika, tutauza cherehani tununue bati kidogo kidogo kabla kuta hazijalala.

Na ombi dogo linaloendana na hilo, majina ya kaya zenye uhitaji yanapohakikiwa, tunaomba uhakiki ufanyike pia Februari, au basi daftari letu likubaliwe lisomwe pamoja na yale madodoso. Na wewe mwenyewe Mheshimiwa tunakualika rasmi uje tena mwezi huo. Mbuzi hatutakuchinjia, utakula tunachokula, na tutakutembeza kwenye kaya hizi hizi ulizopita leo.

Nakala ya risala hii amepewa Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata na Mwenyekiti wa Kijiji, na moja imebaki kwenye faili la kikundi ikiwa na tarehe ya leo.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya kamati na wanakikundi wote.